Nyumba ya Mshairi Ina Wenyewe: Maelezo kwa Wanaotembelea Mji wa Kale

Malalamiko yameongezeka. Kila likizo ya shule ikifika, na kila meli ya watalii ikitia nanga Kilindini, wakaazi wa Kibokoni na pande za Ndia Kuu, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, hutuletea ofisini habari ile ile kwa sura mbalimbali. Mgeni kapiga hodi wakati wa adhuhuri akitaka kuonyeshwa chumba alichotungia mshairi fulani. Wanafunzi wamejaa barazani kwa watu hata mwenye nyumba hapati njia ya kupita. Mama mmoja kapigwa picha akianika leso, na picha ile sasa inatangaza matembezi ya kulipia mtandaoni.

Wengi wa wageni hawa hawana nia mbaya. Wanaipenda fasihi, na kazi yetu ni kuwafanya waipende zaidi. Ila kuna dhana moja ambayo tumeikanusha mara nyingi na bado haitoki vichwani: kwamba nyumba aliyoishi mtunzi mashuhuri ni ya umma. Si ya umma. Nyumba huwa ya umma ikishanunuliwa au kutolewa kwa ajili hiyo, ikapewa msimamizi na saa za kufungua. Ile aliyozaliwa Shakespeare huko Stratford-upon-Avon iliuzwa mnadani mwaka 1847, ikanunuliwa kwa pauni 3,000 ili ihifadhiwe. Ya mwandishi Karen Blixen wa Denmark, kule Nairobi, aliishi yeye hadi 1931. Baadaye serikali ya Denmark iliitoa zawadi kwa Kenya, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Huko unakata tiketi na kuingia. Nyumba za Mji wa Kale zinakaliwa na wajukuu, wakwe na wapangaji wanaolipa kodi mwisho wa mwezi. Hawakuajiriwa kupokea wageni wa fasihi.

La pili ni ushahidi. Ukionyeshwa mlango na kuambiwa kwamba hapa ndipo alipokaa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, uliza habari hiyo imetoka wapi. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Sehemu kubwa ya mashairi yake ilisalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akisaidiana na mmishonari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor ziko London hadi leo, na diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia baada ya mtunzi kuzikwa. Mashairi hayo yanataja vita, njaa, mapenzi na wivu wa majirani. Hayataji namba ya mlango.

Anayetaka kweli kumtembelea Muyaka nasi tunampeleka Ngomeni. Wageni wengi huingia Fort Jesus kwa ajili ya Wareno pekee: ilianza kujengwa 1593, iliwahi kuwa jela, ikageuzwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hayo yameandikwa kwenye mabango, someni. Wasilolijua wengi ni kwamba ngome hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na Muyaka alikuwa mtu wao. Alitunga akiwapa moyo Wamvita, yaani watu wa Mombasa, wasimame dhidi ya Sultani Seyyid Said wa Oman, na utawala wa Wamazrui ulipoanguka mwaka 1837 bado alikuwa hai kuyaona. Simama juu ya ukuta unaotazama mlango wa bahari, uyasome mashairi yake ya vita kwa sauti. Utaelewa kwa nini mtunzi alikuwa akitazama matanga kuliko kuta. Kisha teremka hadi Bandari ya Kale yanakofunga majahazi, na urudi kwa njia ya msikiti wa Mandhry. Huo ndio mji ambao yeye aliuita Gongwa la Mwana Mkisi, na kuutembea ni bure. Asikudanganye mtu kwamba kuna kiingilio cha barabarani.

Mkabala na Ngome yako makaburi ya Wamazrui. Humo alizikwa Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1933 na kufariki Marekani tarehe 12 Oktoba 2014. Wengi humjua kwa siasa na historia, wakasahau kwamba aliandika pia riwaya. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali, ndiye aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Lakini pale ni makaburi ya ukoo. Pata idhini kwanza, vaa mavazi ya heshima, toa salamu kwa waliolala, wala usipande juu ya kaburi upate picha nzuri. Haya hayakupasa kuandikwa, lakini tumeona.

Tunaulizwa pia kama tunaweza kupanga ziara ya chumba cha gereza la Kamiti alimofungwa mshairi Abdilatif Abdalla kati ya 1969 na 1972, alimotunga mashairi ya Sauti ya Dhiki. Hapana. Kamiti ni gereza linalofanya kazi, lina wafungwa. Diwani hiyo inapatikana, isomeni.

Sasa taratibu, kwa kuwa hapa ndipo maswali mengi yanapozuka.

Jengo au eneo huwa mnara wa kitaifa kwa tangazo la Waziri katika Gazeti Rasmi la Serikali, chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Kabla tangazo halijathibitishwa, mwenye mali hupewa nafasi ya kuwasilisha pingamizi, na pingamizi hilo huwa kwa maandishi. Kuja ofisini kutugombeza si pingamizi. Tangazo halimnyang'anyi mtu nyumba yake: anaendelea kuimiliki, kuirithisha na hata kuiuza. Asichoweza ni kuibomoa au kuibadilisha sura bila kibali. Kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, anayetaka kubadilisha dirisha, roshani au lipu ya mbele huanzia ofisi ya uhifadhi, akiwa na michoro, kabla ya kwenda kwa kaunti kutafuta idhini ya ujenzi. Si kinyume chake. Wapo wanaokuja na muhuri wa kaunti wakidhani wamemaliza, kumbe ndiyo kwanza wanaanza.

Milango ya nakshi ina kifungu chake. Mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa na sheria, hata kama nyumba yenyewe haina historia yoyote. Kuusafirisha nje ya Kenya bila kibali ni kosa la jinai, lenye faini au kifungo, na mzigo hutaifishwa. Atakayekuuzia mlango wa nyumba ya malenga anakuuzia kesi. Vivyo hivyo kwa kurasa za miswada ya hati za Kiarabu zinazozungushwa vichochoroni: usinunue, tuarifu.

Picha za kuta na vichochoro hazina neno. Picha ya mtu anayetambulika, ikitumika kwa biashara, inaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na idhini yake ni lazima. Albamu yako ya nyumbani haihusiki. Tangazo la safari linahusika. Adhabu ya jumla chini ya sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na aliyepigwa picha anaweza kulalamika moja kwa moja kwa Kamishna wa Data. Droni zina kanuni zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuipeperusha juu ya nyua ambamo kina mama wamejistiri ni utovu wa adabu hata ukiwa na karatasi zote.

Walimu wanaoleta wanafunzi watuandikie mapema, wataje idadi, darasa na vitabu vinavyosomwa, nasi tutapanga njia isiyopita mlangoni kwa mtu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotaka kuzihoji familia za watunzi waje na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Barua ya msimamizi wa tasnifu haitoshi. Familia huulizwa na sisi kwanza, na zikikataa hatuzirudii. Kwa wanaokodi wa kuwatembeza, ombeni kuona leseni yake ya uongozaji watalii kabla ya kupatana bei. Siku ya Ijumaa hatupangi ziara yoyote kati ya saa sita na saa nane mchana.