Wepesi wa kuperuzi si kipimo cha kuelewa taarifa za afya

Wengi huamini kwamba mtu aliye mwepesi wa kuperuzi intaneti anaweza pia kupata taarifa sahihi za afya na kuzitumia. Imani hiyo inaeleweka, maana kutafuta ndiyo hatua ya kwanza. Zinabaki kuelewa ulichosoma, kupima kama kinaaminika, na kujua kama kinakuhusu wewe, kwa umri wako na dawa unazotumia.

Hata matokeo ya eHEALS, dodoso la uwezo wa kutafuta na kutumia taarifa za afya mtandaoni linalotumika sana katika utafiti, lililochapishwa mwaka 2006, yasomwe kwa uangalifu. Dodoso hilo lina kauli 8, kila moja alama 1 hadi 5, jumla 8 hadi 40. Linapima jinsi mtu anavyojiona, na kujiamini si sawa na kuweza. Ndiyo maana watafiti wengine huwapa watu kazi halisi ya kutafuta jibu, kisha hulikagua.

Unaweza kujipima hivyohivyo. Chukua swali moja, mathalani kama antibiotiki hutibu mafua (hazitibu, kwa sababu mafua huletwa na virusi). Angalia aliyeandika jibu ni nani, aliandika lini, na kama anauza kitu. Linganisha na chanzo kingine ambacho hakikunakili cha kwanza. Kisha mweleze mwenzako kwa maneno yako. Ukikwama, muulize mhudumu wa afya.