Hiyo Kamera ya Babu Si Leica ya Mjerumani

Leo nalimaliza hili, maana simu yangu imejaa picha za kamera ile ile. Na ujumbe ni ule ule: "Shikamoo fundi. Babu alituachia Leica ya Mjerumani, ya wakati wa vita, ina mpaka nembo. Tunaweza kupata shilingi ngapi?" Sijaitikia hata marahaba, mwenzangu ameshajenga nyumba kichwani.

Nchi hii tuna ugonjwa wa mali ya Mjerumani. Jiwe likiwa na alama, basi chini yake kuna sanduku. Sasa ugonjwa umehamia kwenye kamera, na kilichouchochea ni mnada wa Wetzlar, mji wa Leica kule Ujerumani, wa Juni 2022, Leica moja ilipouzwa kwa yuro milioni 14.4. Habari ilizunguka kwenye magrupu yote, isipokuwa kile kipande muhimu: ile ilikuwa kamera ya majaribio namba 105, iliyokuwa ya Oskar Barnack mwenyewe, aliyeibuni Leica. Kamera za majaribio za aina hiyo ni ishirini na kitu tu, za 1923 na 1924. Babu hakuwa nayo.

Tupige hesabu ya miaka. Leica iliingia sokoni 1925. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu kwenye vita ya kwanza, alisalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) mnamo Novemba 1918. Kwa hiyo yule Mjerumani wetu anayefukia mali chini ya mbuyu huku akikimbia hakuacha Leica, kwa kuwa haikuwepo. Hapo wajanja wanahama: "Basi fundi, vita ya pili." Sawa, hapo nalegeza kidogo. Walowezi wa Kijerumani walirudi Tanganyika miaka ya ishirini, wakalima mkonge na kahawa, na 1939 Waingereza wakawaweka kizuizini. Leica ya kweli inaweza ikawa ilibaki kwenye kabati fulani. Ndiyo maana kila picha mnayonitumia naifungua, hata kama nimenuna.

Lakini ile yenye tai na alama ya Wanazi juu, mwili unang'aa dhahabu, imeandikwa Luftwaffe (jeshi lao la anga) au Olimpiki ya Berlin 1936? Hiyo karibu kila mara ni Mrusi aliyeazima koti. Kiwanda cha Kharkiv, Ukraine ya Kisovieti, kilianza kuiga Leica II mwaka 1934, kamera ikaitwa FED. Baada ya vita, mwaka 1948, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikatoa Zorki, nayo nakala ya ile ile. Baadaye, hasa Dola ya Kisovieti ilipovunjika, watu wakazikwangua jina, wakachora tai, wakawauzia watalii. Kwangu mimi, nembo zikizidi imani inapungua.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mnaponichosha. Msisome maandishi ya juu, na msinitumie namba ya kamera pamoja na orodha mliyoitoa intaneti. Anayechonga jina la Leitz, kampuni iliyotengeneza Leica, atashindwa kuchonga namba inayolingana na orodha? Zungusheni lenzi kinyume cha saa, itoke, ni ya skrubu. Chungulieni ndani ya tundu, upande wa juu. Mtaona mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na lenzi ili kupima umbali. Kwenye Leica, ncha yake ni kigurudumu cha duara, ukikigusa kinazunguka. Kwenye FED na Zorki ni ncha bapa iliyochongwa kabari, haizunguki popote. Kazi ya kughushi huishia juu, ambako mnunuzi anatazama.

Lenzi nayo inasema kitu. Elmar halisi, lenzi ya Leica ya milimita 50, f/3.5, ina pazia la tundu la kupunguza mwanga nyuma ya kioo cha kwanza tu. Kwenye Industar, lenzi ya Kisovieti, liko nyuma ya kioo cha pili, ndani zaidi. Ila lenzi hizi hubadilishana, kwa hiyo lenzi feki haithibitishi kuwa mwili ni feki. Na mkono ule wa ndani, fundi wa zamani aliyekuwa na vipuri anaweza kuwa aliubadilisha. Kwa picha ya simu mimi siapi. Nasema "nadhani", na nadhani yangu kwa kawaida ni Zorki.

Kuna wanaonitumia Zorki halali kabisa, jina lake kwa herufi za Kirusi, wakaniambia ni Kijerumani cha kale. Ulizeni nyumbani kwanza. Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba kilifunguliwa Moscow mwaka 1960 na vijana wengi wa Afrika walisoma kule. Babu akiwa mmoja wao, kesi imekwisha.

Kinachoniudhi ni kwamba kamera yenyewe mara nyingi ni nzima, imeachwa kabatini ikisubiri tajiri. Haina betri wala mita ya mwanga. Koki kwanza, yaani zungusha kitufe cha kusogeza filamu, ndipo uguse kitufe cha kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kupiga picha. Ukigeuza kabla ya kukoki unajitafutia ubovu. Zile za mwanzo hazifunguki mgongo, filamu inaingilia chini, na ulimi wake lazima uukate mrefu kama sentimita kumi, la sivyo vipande vya filamu vitabaki kwenye shata. Filamu ya ISO 200, jua kali: f/16, kasi 1/200 au 1/250. Kivulini ongeza mwanga. Hiyo 1/500 iliyoandikwa kwenye kitufe cha kasi siiamini sana kwenye kamera ya umri huo, ila filamu ya negativu inasamehe.

Na usiiache ikitazama jua bila kifuniko. Haina kioo cha kuakisi ndani kama Zenit, kamera nyingine ya Kisovieti, kwa hiyo lenzi inachoma pazia la kitambaa la shata. Picha zikisafishwa zikatoka na madoa meupe, tundu ni hilo.

Mkishikilia kuuza, andikeni wazi kuwa ni nakala ya Kisovieti. Wapo wanaokusanya hizo feki kwa makusudi, na hao hawakasiriki wakishafungua lenzi.