Timu haikuzaliwa kwenye cheti: tunayoyakosea kuhusu mpira wa Mombasa

Jezi mpya za timu ya mtaa wetu zimekuja na nembo kifuani, na chini ya nembo pameandikwa "Tangu 2016". Vijana wamefurahi. Wazee wa baraza la kahawa wamenuna, na wana haki ya kununa: huo ni mwaka wa cheti, si mwaka wa timu.

Hiyo ndiyo dhana ya kwanza, kwamba klabu huzaliwa siku inaposajiliwa, nayo huzaa nyingine. Sheria ya Michezo ya 2013 ndiyo iliyoleta Msajili wa Michezo na kuzitaka klabu zijiandikishe kwake, hata zile zilizokuwa na karatasi za zamani chini ya Sheria ya Vyama. Kwa hiyo ukipekua mafaili ya timu ndogo utakuta vyeti vya juzi juzi, udhani mji mzima ulianza kucheza mpira jana.

Siku jezi zilipofika, ami mmoja alikwenda nyumbani akarudi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na picha nyeusi na nyeupe, pembe zimeliwa na mende. Wachezaji kumi na mmoja, watano wana njumu, sita miguu mitupu. Mbele yao mpira wenye kamba, ule ambao ukiupiga kichwa upande wa fundo unarudi nyumbani na alama kwenye paji.

"Ami, huyu aliyechuchumaa ni nani?"

"Babako mkubwa. Na shati hilo si lake, kaazima."

Cheti hakina habari ya shati la kuazima. Anayetaka kuandika historia ya timu ya mtaani na aanzie kwenye bahasha kama hizo, kisha akaulize mabarazani, cheti akitazame mwisho.

Dhana ya pili naisikia zaidi kwa watu wa bara, ila siku hizi hata watoto wa hapa wanairudia: eti Mombasa haijawahi kuchukua ligi. Imechukua. Ligi ya taifa ilianza 1963, mwaka ambao Nakuru All-Stars waliibuka mabingwa. 1964 wakaja Luo Union. Msimu wa tatu, 1965, kombe likateremka Pwani mikononi mwa Feisal ya Mombasa. Abaluhya walilichukua mwaka uliofuata. Kwa hiyo Feisal imo kwenye orodha ya mabingwa kabla ya Gor Mahia, ambao taji lao la kwanza ni la 1968. Mjukuu wangu, shabiki wa Gor wa kufa mtu, alikataa kabisa mpaka nilipomwonyesha orodha yenyewe. Alinyamaza, akaniuliza kama nimekula.

Kweli ni kwamba Feisal haikulirudia taji hilo, na Bandari, klabu nyingine ya Mombasa, imelikaribia tu: nafasi ya pili 2018, na ya pili tena msimu wa 2018/19. Lakini kukaribia ni jambo moja na kutowahi kabisa ni jingine.

Halafu kuna hadithi ya Liverpool. Ukimwambia kijana kwamba Mombasa ilikuwa na timu ikiitwa Liverpool, anacheka: kumbe nyinyi nanyi mlikuwa mkikesha kwenye vibanda vya mpira! Vibanda gani? Televisheni ilianza Kenya 1962. Mwaka uliofuata ligi ya taifa ilipoanza, Liverpool ya Mombasa ilikuwemo. Tena Liverpool ya Uingereza yenyewe ilikuwa daraja la pili tangu 1954, ikapanda 1962. Watu wetu walipokuwa wakilitaja jina hilo uwanjani, hakukuwa na mechi ya Jumamosi jioni ya kuigwa. Baadaye timu ikajiita Mwenge, na hapo tena wengine wakadhani Liverpool imekufa na Mwenge imezaliwa. Kubadili jina si kufa. AFC Leopards ni Abaluhya wale wale, na hakuna anayewanyang'anya makombe ya zamani.

Bandari nayo ina lake. Wengi husema ni timu ya ofisi, iliyoundwa na Mamlaka ya Bandari. Mamlaka yenyewe iliundwa 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Mizizi ya timu ni ya nyuma zaidi, inafika kwa LASCO, timu ya kampuni ya kupakia na kupakua mizigo gatini. Ni mpira wa makuli na makarani kabla ya kuwa mpira wa mamlaka. Vikombe vya ngao ya taifa vya 2015 na 2019 vimekaa juu ya msingi huo. Na Bandari walipocheza Kombe la Shirikisho la Afrika 2019, wakawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, mechi za nyumbani zilipigwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka uwanja wao wa Mbaraki, Mombasa. Mtu wa Likoni aliyetaka kuona timu ya nyumbani nyumbani alipaswa kwanza kuvuka feri, kisha apande basi la usiku.

Kwamba timu za madaraja ya chini ni za kupotezea wakati, hilo sitalijibu kwa urefu. Kuna ngazi inayotoka ligi za kaunti na mikoa hadi Supa Ligi na Ligi Kuu, na timu inayoshuka haifutwi, inaanza kupanda upya. Nenda viwanja vya Serani au Tononoka hapa mjini saa kumi jioni uone refa anavyokagua njumu.

Kuhusu jezi zetu, kikao kilifanyika. Wazee walitaka nembo ifumuliwe, mweka hazina akauliza nani atamlipa fundi. Hakuna aliyejibu. Ami akairudisha picha kwenye bahasha, na Jumapili timu ikaingia uwanjani na 2016 yake kifuani, ikafungwa mbili bila.