Jotoardhi: ugomvi huanzia kwenye orodha ya kaya

Dizeli unaweza kuipeleka kwenye mtambo popote ulipo. Mvuke wa ardhini, unaozalisha umeme wa jotoardhi, haubebeki hivyo: mtambo ndio unaoufuata, na mara nyingi unaukuta penye watu, mifugo, chemchemi na makaburi. Umeme ukishazalishwa unapanda nyaya kuelekea mjini. Kelele za kisima kinapojaribiwa na harufu ya mayai viza ya gesi ya haidrojeni salfaidi vinabaki palepale. Na si harufu tu: Januari 2021, huko Sorik Marapi nchini Indonesia, gesi iliyovuja kisimani iliua wanakijiji watano.

Kazi yangu ni upande wa jamii katika miradi hii: kuhesabu watakaoguswa, kuitisha mikutano, kupokea malalamiko. Wengi hudhani watu wanagombania kiasi cha fidia. Kwa ninavyoona, ugomvi huwa umeshazaliwa kabla hata fidia haijatajwa, siku orodha ya kaya inapoandikwa.

Karani anapita nyumba kwa nyumba na fomu. Ikifika tarehe ya mwisho iliyotangazwa, atakayejenga baada ya hapo hatambuliwi. Sheria hiyo ina sababu yake, maana habari za fidia zikisambaa vibanda huchipuka usiku kucha. Lakini kwa mfugaji, nyumba iliyofungwa haijahamwa. Mwenyewe yuko malishoni na ng'ombe, atarudi mvua zikinyesha. Kwenye fomu inaandikwa "hakuna mtu". Mke wa pili, mwenye nyumba yake, jiko lake na mbuzi wake, anaingizwa chini ya jina la mume kwa kuwa safu ya "mkuu wa kaya" ina nafasi ya jina moja. Kijana anayechunga hapo lakini halali hapo hayumo kabisa. Baadaye nyumba zinajengwa kwa kufuata orodha, na hapo ndipo mtu anapogundua kwamba, kwa mujibu wa karatasi, hajawahi kuishi kwao.

Mfano unaojulikana zaidi ni Olkaria IV, Kenya, mtambo wa megawati 140. Mwaka 2014 Wamaasai wa vijiji vinne walihamishiwa eneo jipya lenye nyumba za kudumu, na mtu akizitazama kwa haraka angeona wamepandishwa hadhi. Mwaka huohuo malalamiko yalifika kwa wafadhili wa mradi, yaani kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya: kuna walioachwa nje ya orodha, ardhi ina makorongo, barabara ni mbovu, na watu wamehamia kabla hati ya ardhi haijahamishiwa kwa jamii. Ilibidi waletwe wapatanishi, na makubaliano yakatiwa saini mwaka 2016.

Hili la hati ndilo hunikera zaidi. Mtu ameacha ardhi aliyoirithi, anaingia kwenye ardhi ambayo kisheria bado ni ya mwingine, kisha anaambiwa avute subira.

Kwa nini haraka yote hiyo? Mtambo wa kuchimba visima hukodishwa kwa siku. Kisima kimoja cha kilomita mbili au tatu hugharimu mamilioni ya dola, na hakuna anayejua kwa hakika kama mvuke utatoka. Kwa meneja wa mradi, kila siku ya kikao ni hasara. Wazee nao hawaamui kwa kikao kimoja; huondoka, hushauriana, hurudi. Ukianza vikao baada ya kusaini mkataba wa mtambo huo wa kuchimba, umeshachelewa.

Kuna pia suala la muda. Fidia hutolewa mara moja; mvuke hutoka miongo kadhaa. Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981 na bado inaendelea. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 imejaribu kuziba pengo hilo kwa mrabaha, yaani malipo ya mwekezaji kwa rasilimali anayoitumia: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali penyewe. Nyuzilandi wamepiga hatua zaidi. Huko Mokai, amana ya Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, iitwayo Tuaropaki (chombo kinachosimamia ardhi yao kwa niaba yao), ni mmiliki mwenza wa kituo kilichoanza kazi mwaka 2000. Waliweza kwa sababu ardhi ilikuwa yao kisheria kabla mwekezaji hajabisha hodi, kwa hiyo walikaa mezani na kitu mkononi.

Asilimia 5 si haba, ila lazima mtu aamue nani ni "jamii ya mahali". Njia rahisi ni kuchukua orodha ya fidia iliyopo, na ndivyo mtu wa ofisini atakavyofanya asipozuiwa. Mimi hushauri daftari la wanajamii liwe kitu tofauti: waliandike wenyewe, wake waandikwe kwa majina yao, na lipitiwe kila mwaka baada ya mifugo kurudi. Wanasheria wa miradi hawalipendi pendekezo hili, kwa kuwa wanataka idadi ambayo haitabadilika tena.