Je, wajua kwa nini Rwanda na Burundi zilipata uhuru siku moja?

Ukifungua kalenda ya historia kwenye tarehe 1 Julai, utakuta mchanganyiko wa ajabu. Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana, alizaliwa siku hiyo mwaka 1921. Diana wa Uingereza naye akazaliwa 1961, na Juan Perón wa Argentina akafariki 1974. Hapo hakuna cha kutafuta, zimegongana tu. Lakini Rwanda na Burundi kujitawala siku ileile, 1 Julai 1962, ni habari nyingine kabisa.

Ubelgiji ilizitawala nchi hizo kama eneo moja. Majeshi yake yaliwafurusha Wajerumani huko mwaka 1916, yakitokea Kongo, na makao ya utawala wa Ruanda-Urundi yakawa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia eneo hilo likawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mbelgiji alitawala, ila kwa niaba ya Umoja huo, na udhamini wenyewe ungefutwa kwenye makao yake, New York.

Na New York ilitamani izaliwe nchi moja. Aprili 1962 wajumbe wa pande zote mbili walikutanishwa Addis Ababa, lakini hawakuiva chungu kimoja. Rwanda ilikuwa imeshaukataa ufalme kwa kura ya Septemba 1961. Burundi bado ilikuwa na Mwami wake, yaani mfalme, Mwambutsa wa Nne, tena ikiwa na jeraha bichi: Mwanamfalme Louis Rwagasore alipigwa risasi na kuuawa 13 Oktoba 1961, wiki chache tu baada ya chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi. Jamhuri na ufalme, nani angemmeza nani? Wakakubaliana forodha na sarafu tu.

Basi tarehe 27 Juni Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 1746: udhamini unakoma 1 Julai, na zinakuwa nchi mbili. Siku nne tu za kujiandaa! Kwa kuwa udhamini ulikuwa mmoja, na tarehe ya kuufuta ikawa moja. Ile sarafu ya pamoja nayo haikufika mbali; ushirika ulivunjika 1964.

Somalia ina kisa kinachokaribiana na hicho. Sehemu ya Waingereza ilipata uhuru 26 Juni 1960, ikasubiri hadi 1 Julai, siku sehemu iliyokuwa chini ya udhamini wa Italia ilipoachiliwa, ndipo zikaungana.

Rwanda na Burundi zilikutana tena kwenye tarehe hiyo mwaka 2007, zilipoingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki. Safari hii walioipenda 1 Julai nadhani ni watu wa hazina: ndiyo siku mwaka wa fedha unapoanza Kenya, Uganda na Tanzania, na Soko la Pamoja la Jumuiya nalo lilianza 1 Julai 2010.

Kwa sherehe, hata hivyo, majirani hawa wameachana. Burundi huadhimisha uhuru wake kwa gwaride, ilhali Rwanda shamrashamra kubwa huziweka 4 Julai, siku wapiganaji wa RPF walipouteka mji mkuu, Kigali, mwaka 1994.