Hiyo si bigijii

Kazi yangu ni likeni, na hapa London nusu ya kazi hiyo naifanya nimepiga magoti kando ya barabara. Juzi mama mmoja alisimama akaniuliza kama nimedondosha pete. Nikampa lenzi. Yale madoa ya kijivu-kijani kwenye zege, ambayo wapita njia hudhani ni bigijii zilizotemwa, mengi yako hai. Hizo ndizo likeni: kuvu na mwani wanaoishi nyumba moja, kuvu akijenga, mwani akipika chakula kwa jua.

Hiyo ya bigijii ni Protoparmeliopsis muralis. Vitabu vya zamani vinaiita Lecanora muralis. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 utaona ukingoni vidole bapa vimelibana jiwe pande zote, na katikati visahani vya hudhurungi vimesongamana hadi vinapandana. Bigijii haina vidole.

Kwenye rangi ya machungwa ndipo wengi wanapoteleza. Wanafunzi hunijia na kichupa cha potasiamu haidroksaidi, kemikali ya kupimia likeni, wanadondosha tone, linageuka jekundu la zambarau, wanashangilia: Xanthoria parietina! Pole pole. Ndugu zake wa kundi la Caloplaca nao hugeuka vivyo hivyo (kundi lenyewe limegawanywa majina mapya hadi linachosha). Mimi hutumia ukucha. Xanthoria ina vipande bapa kama majani madogo, ukingo wake unainuka. Caloplaca imegandamana na zege kama rangi ya ukuta, huiondoi bila kukwangua zege lenyewe. Tena kivulini Xanthoria hupoteza uchungwa wake ikawa kijivu-kijani, kwa hiyo rangi peke yake usiiamini.

Nyeusi inayofanana na masizi au oili iliyomwagika, mara nyingi ni Verrucaria nigrescens. Ukiikaribia, imepasuka-pasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Kabla ya jina lolote lakini, dondosha siki pembeni, kwenye jiwe tupu. Likitoa povu, pana chokaa, na hapo Caloplaca na Verrucaria wako nyumbani. Enzi za moshi wa makaa ya mawe, likeni nyingi za magome ya miti zilitoweka mijini, ila baadhi ya hizi za kwenye zege na lipu zikabaki, kwa sababu chokaa ilikuwa inaizima ile asidi ya mvua.

Na ukikuta mchirizi mtupu ukutani, chini ya bati la zinki au bomba la shaba, usidhani pamesuguliwa. Maji yanayotiririka hapo yana sumu ya madini.