Spika kubwa na vyumba vyembamba vya Mji wa Kale

Wapenzi wa muziki hapa Mombasa huniuliza wanunue spika gani, maadamu pesa zipo. Nami huwauliza chumba kina upana gani. Kwa nyumba za Mji wa Kale hilo ndilo la kwanza. Bei itakuja baadaye sana.

Dari za nyumba zile za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi urefu fulani haihimili uzito. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi mita 2.8 hivi. Kwenye joto letu la digrii 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana huo, utapata mitetemo 62 kwa sekunde, yaani hezi 62. Hapo ndipo chumba chenyewe hupenda kuvuma. Sasa chukua udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, uliofungwa kwa mpangilio wa Kiarabu: uzi wake mnene kabisa uko karibu na hezi 65! Weka rekodi ya mpiga udi Zein l'Abdin, na kila uzi ule ukiguswa chumba kizima kinaitikia, mlio unakawia kuondoka na kufunika milio inayofuata. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, hazitikisiki, kwa hivyo besi haina pa kutokea ila milangoni na madirishani.

Nasi tunavyopanga sebule tunazidisha. Viti hukaa ubavu mmoja wa chumba, spika ubavu wa pili, zikiwatazama wageni. Spika ukutani, msikilizaji ukutani: mvumo huu hauna pahali unapokuwa mkali zaidi ya hapo. Mteja mmoja wa Kibokoni, mwenye spika za kusimama zinazofika kifuani, alikuwa tayari kununua amplifaya nyingine. Nilimwomba kwanza tuzihamishie ukuta mfupi, zielekee urefu wa chumba, kila moja iwe mbali sawa na ukuta wa ubavuni mwake, naye akae katikati, mita moja na zaidi kutoka ukuta wa nyuma. Zikikaa hivyo, spika mbili huusukuma mvumo wa upana kutoka pande zinazopingana, nao unajifuta. Akarudisha wimbo ule ule. "Fundi, kumbe mna fidla humu!"

Kama bado hujanunua, kwa chumba cha namna hii chagua sanduku dogo lililofungwa kabisa, lisilo na tundu la besi. Mvumbuzi Edgar Villchur alilionyesha hilo Marekani mwaka 1954 kwa spika yake AR-1: hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayofanya kazi ya springi, na besi inapungua taratibu badala ya kukatika ghafla. Ninayoipenda kuliko zote ni LS3/5A, iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa magari ya matangazo ya nje. Ina urefu wa sentimita 30 tu. Haishuki sana chini, kwa hivyo haiuchokozi mvumo, na sauti ya mwimbaji inasikika kama mtu aliyekaa mbele yako. Inataka amplifaya yenye nguvu ya kutosha, na spika yenyewe si ya kupigia harusi.

Fleti za Nyali zina taabu nyingine, vigae na vioo vinavyorudisha sauti. Zulia nene na mapazia mazito, basi.

Jihadhari pia na spika za mtumba. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ukingo wa sponji kuzunguka koni, na unyevu wetu huila sponji hiyo hata kama spika haipigwi. Vua kitambaa cha mbele, bonyeza ukingo polepole kwa ncha ya kidole. Ulio mzima hurudi; uliokufa hubaki na alama, au hukuachia unga mweusi unaonata. Kubadilisha ukingo kunawezekana, ni kazi ninayoifanya mara kwa mara, mradi koni na koili ziwe salama, lakini bei ipunguzwe kabla hujatoa pesa. Ukingo wa mpira hudumu zaidi hapa pwani. Na ncha za waya wa shaba zikishaota kijani, zikate umenye upya, kabla hujailaumu amplifaya.